MTOTO MWENYE ULEMAVU SI LAANA, NA JAMBO HILI NI LA CHAMA



Katika karatasi hizi zetu tumezoea kusoma juu ya mishahara, nyumba za landi, saa za kazi, na wenzetu walioachishwa. Hayo ni mambo ya haki na hatutaacha kuyasema. Lakini leo twataka kusema jambo lisilosemwa mkutanoni, maana wengi wetu hulidhani ni jambo la wanawake, au la aibu, au la Mungu peke yake. Nalo ni habari ya watoto wetu wanaopita mwaka na zaidi wasikae, wasisimame, wasiseme, au wasielewe upesi kama wenzao. Na habari ya mama zao wanaolaumiwa kwa ajili hiyo.

Watoto hawa wako. Wako katika landi, wako katika nyumba za kukodi ambamo wengi wetu twaishi siku hizi, na wako kwa nyanya zao kule mashambani tunakowapeleka ili majirani wa mjini wasiwaone. Wengine hufungiwa ndani tangu asubuhi mpaka mama arudi sokoni. Na wako wenzetu, watu wazima wenye kulipa ada ya chama kila mwezi, waliowafukuza wake zao kwa neno moja tu: "Kwetu hakuna mtoto wa namna hii, huyu umemtoa kwenu." Wengine husema ni mahari iliyobaki. Wengine husema jirani alimtazama vibaya. Wengine huuza ng'ombe wamlipe mganga, na ng'ombe wakiisha, mtoto yuko vile vile.

Sisi watu wa reli tungekuwa wa mwisho kusema maneno kama hayo. Gari la moshi likitoka njiani, hakuna mkubwa anayeandika katika ripoti kwamba gari limelogwa. Watu huja wakapima njia. Hutazama gurudumu, breki na ishara. Huuliza dereva alikuwa kazini kwa saa ngapi. Mwisho sababu huandikwa, na mara nyingi si moja bali tatu au nne zilizokutana: mvua ilikuwa kubwa, kokoto zilipungua chini ya mataruma, na gari lilikwenda mbio. Kisha amri hutolewa ili jambo lile lisitokee tena. Basi chuma twakitafutia sababu, lakini mtoto wetu wa damu twamtafutia mchawi. Hiyo si akili.

Sisi tuliosoma shule za misheni twakumbuka habari ya yule mtu aliyezaliwa kipofu, katika Injili ya Yohana, sura ya 9. Wanafunzi walitaka kujua aliyekosa ni nani, yeye au wazazi wake. Bwana Yesu alikataa yote mawili. Na ndugu zetu Waislamu wanafundishwa kwamba mtoto huzaliwa bila dhambi. Sasa sisi twapata wapi ruhusa ya kumhukumu mama?

Yafaa basi tujue sababu, kama tunavyojua sababu za ajali. Tutazitaja kwa taratibu, tangu mimba ilipoanza mpaka wiki ya kwanza ya mtoto, na kila mtu atazame mwenyewe zile zilizo mkononi mwake.

MIEZI YA MWANZO

Mfereji ule ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufungika katika siku 28 za kwanza tangu mimba kutungwa. Wakati huo mama wengi hawajajua hata kwamba wana mimba. Mfereji usipofungika vizuri, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na wengi wa watoto hao huota kichwa kikubwa chenye maji. Mwaka 1991 madaktari wa Uingereza walitangaza majaribio yaliyofanywa katika nchi kadhaa kwa wanawake waliokwisha kuzaa mtoto wa namna hiyo. Wale waliopewa vidonge vya asidi ya foliki kabla ya mimba na mwanzoni mwake, hatari kwao ilipungua kwa kiasi cha 72 katika kila 100. Vidonge hivi ni vya bei ndogo. Hapa Kenya, tangu 2012, sheria inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa katika pakiti utiwe asidi ya foliki. Lakini unga tunaosaga wenyewe kwenye posho mili hautiwi kitu. Basi mwenye kula unga wa posho mili, na ndio wengi wetu, ajue kwamba mke wake yampasa kupata vidonge kabla ya kushika mimba, wala asingoje tumbo lionekane.

Hali kadhalika chumvi. Mama akikosa iodini wakati wa mimba, ubongo wa mtoto haukui vizuri. Zamani kule nyanda za juu watu wengi walikuwa na rovu shingoni, na rovu ni dalili ya kukosa iodini. Tangu 1978 sheria ya Kenya inataka chumvi ya kula itiwe iodini. Hii ni shilingi chache tu, nayo imewaokoa watoto wasiohesabika. Basi tusinunue chumvi ya ng'ombe kwa kuwa ni rahisi.

Yako magonjwa pia. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aliona watoto wachanga wengi wenye macho yaliyozibwa na ukungu mweupe. Alipochunguza, aliona mama zao waliugua rubela mwanzoni mwa mimba, ugonjwa mdogo wa vipele ambao mtu mzima hupona kwa siku chache. Mtoto aliye tumboni haponi hivyo. Huweza kuzaliwa kipofu, kiziwi, na mwenye moyo au akili iliyodhurika. Sindano ya kuzuia rubela inatolewa hapa kwetu pamoja na ya surua tangu 2016. Mtu anayekataa mtoto wake asichomwe, huyo mtoto aweza kumpelekea ugonjwa mama mjamzito wa chumba cha pili.

Juu ya pombe hatutaki kuhubiri, maana siku ya mshahara twajuana. Lakini twasema wazi: pombe anayokunywa mama humfikia mtoto, na hudhuru ubongo wake. Madaktari wa Marekani waliandika habari hii mwaka 1973, na wa Ufaransa mwaka 1968 kabla yao. Hakuna kiasi kilichojulikana kuwa salama katika mimba. Wala tusidhani ni chang'aa tu. Bia ya chupa ni pombe ile ile. Na wanaowanunulia wake zao pombe ili wasikae peke yao kwenye meza ni sisi.

Tena, mama mwenye kifafa anayemeza dawa iitwayo valproati, ajue kwamba dawa hii hudhuru mtoto tumboni. Kati ya watoto 10 wa mama wanaoimeza, kama 3 au 4 huchelewa katika kukua na kujifunza. Lakini asiiache ghafula, maana kifafa chenyewe chaweza kumwua. Amwone daktari kabla ya mimba, abadilishiwe.

RISASI, AMBAYO NI JAMBO LA KAZI

Hapa twaomba kila fundi wa karakana asome mara mbili.

Madini ya risasi yamo katika betri za magari na za mabehewa, na yamo katika rangi za zamani tunazokwangua kwenye vyuma. Vumbi lake huingia kwa pumzi na kwa mkono unaoshika mkate bila kunawa. Mwilini hukaa katika mifupa miaka mingi. Mwanamke aliyevuta vumbi hilo akiwa msichana, akishika mimba mwili wake huchota chokaa katika mifupa ili kumjenga mtoto, na risasi hutoka pamoja nayo. Hupita kondo la nyuma, ikafika kwenye ubongo unaojengwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Mtu asiseme, "Mimi ni mwanamume, sizai." Ovaroli yako yazaa. Ukienda nayo nyumbani, vumbi lile huanguka kitandani, na mke wako aliye mjamzito ndiye anayelikung'uta na kulifua kwa mikono yake.

Jambo hili si la mbali. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani karibu kabisa na nyumba za watu, kikafungwa 2014. Watoto na mama walionekana na risasi katika damu. Wakazi, wakiongozwa na Bi. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, walikwenda mahakamani. Mwaka 2020 walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliitangua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Wale si watu wenye mali. Walikuwa maskini kama sisi waliokataa kuambiwa kwamba watoto wao ni shauri la Mungu. Lakini fidia haiurudishi ubongo wa mtoto. Ni heri kuzuia kabla.

KLINIKI

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonane na kliniki mara nane katika mimba moja, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12 kwisha. Wake zetu wengi huanza mwezi wa tano au wa sita. Ukiuliza kwa nini, huambiwa hakuna nauli, au bwana amesema angoje mshahara. Na ni katika kliniki zile za mwanzo ndipo hupimwa kaswende, ambayo huweza kumwua mtoto tumboni au kumharibu ubongo, na ambayo huponywa kwa sindano ya penisilini. Baba naye apimwe na atibiwe, la sivyo atamrudishia mama ugonjwa ule ule. Hupimwa sukari. Hupimwa presha, kwa sababu presha ikipanda sana huleta kifafa cha mimba, na mtoto hukosa hewa na chakula tumboni. Kule pwani na nchi ya ziwani mama hupewa dawa ya kuzuia malaria na chandarua.

Hupimwa pia damu yake ni ya kundi gani. Mama mwenye damu ya Rh hasi akizaa mtoto mwenye Rh chanya, mwili wake hujifunza kupigana na damu ya namna hiyo, na mtoto anayefuata ndiye anayedhurika. Sindano ya kuzuia jambo hili, iitwayo anti-D, hutolewa katika saa 72 baada ya kuzaa, nayo imekuwako tangu 1968. Mama asiyepimwa hajui kama anaihitaji.

Na ziko ishara nyekundu. Dereva akiipita ishara nyekundu hufukuzwa kazi, lakini nyumbani twazipita kila siku. Ni hizi: damu kutoka, kichwa kuuma sana na macho kuona kiwi, uso na mikono kuvimba, homa kali, degedege, maji kutoka kabla ya uchungu, mtoto kupunguza kucheza tumboni. Mama akiona moja kati ya hizi, asingoje asubuhi wala asingoje bwana atoke zamu. Aende.

SAA YA KUZAA

Mwaka 1861 daktari mmoja, William John Little, aliwasomea wenzake mjini London habari za watoto waliokakamaa viungo, akasema wengi wao walizaliwa kwa shida au kabla ya wakati. Leo twaita ulemavu huo mtindio wa ubongo. Madaktari wa siku hizi wamegundua kwamba watoto wengi wenye mtindio walidhurika mapema zaidi, wakiwa tumboni, wala si siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo si haki kumlaumu mkunga kila mara. Lakini katika nchi kama zetu, ambako gari halipatikani na wauguzi ni wachache, mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa bado ni sababu kubwa, na hiyo ndiyo inayotuhusu.

Uchungu unaopita saa 12 ni wa hatari. Mtoto hubanwa, hewa humpungukia, na ubongo ni kiungo kisichovumilia kukosa hewa hata kwa dakika chache. Katika kila watoto 100 wanaozaliwa, kama 5 hadi 10 huhitaji kusaidiwa ili waanze kupumua. Wengi huhitaji kukaushwa na kusuguliwa mgongo tu. Wachache huhitaji mfuko na kikombe cha usoni cha kupulizia hewa. Kitu hiki si mashine ya ajabu, ni mpira na plastiki. Lakini yatakiwa awepo mtu anayejua kukitumia, na akitumie katika dakika ile ya kwanza.

Sasa mfikirie mwenzetu aliyepangwa stesheni ndogo, mbali na mji. Mke wake ameshikwa na uchungu saa nane ya usiku. Yeye yuko zamu, hawezi kuacha ishara. Mwenye bodaboda ataka fedha kwanza, na ni tarehe 24 ya mwezi. Wazee wa kike wamwambia mama avumilie, mzaliwa wa kwanza hukawia. Jua lachomoza, gari lapatikana, na katika zahanati wamkuta muuguzi mmoja mwenye mama sita. Mtoto azaliwa mchana amelegea, halii. Baada ya mwaka hawezi kukaa, ndipo baba aanza kuuliza nani amemloga. Hapana aliyemloga. Walikuwa saa kumi na nauli ya bodaboda.

WIKI YA KWANZA

Mama akirudi salama, twafanya sherehe na twasahau. Lakini iko hatari nyingine inayokuja siku ya pili mpaka ya saba. Ni mtoto kugeuka manjano. Watoto wengi hugeuka kidogo na hupona wenyewe. Lakini manjano ikizidi, sumu yake huingia katika ubongo, na mtoto akipona hubaki kiziwi au mwenye viungo vya kujinyonga. Kwa ngozi yetu nyeusi manjano haionekani upesi. Basi tazama weupe wa macho, ufizi na nyayo, kwenye mwanga wa mchana. Manjano inayotokea katika saa 24 za kwanza ni ya hatari siku zote. Vile vile mtoto aliyelegea, asiyetaka kunyonya, au anayelia kwa sauti nyembamba akijipinda mgongo. Huyo apelekwe saa ile ile.

Dawa yake ni mwanga. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Uingereza, muuguzi mkuu Jean Ward alikuwa akiwatoa watoto nje kwenye hewa na jua. Aliwaonyesha madaktari mtoto mmoja aliyekuwa amepoteza manjano kila mahali ila pale palipofunikwa na shuka. Kutoka hapo zikatengenezwa taa za buluu zilizomo hospitalini leo. Tazameni, jambo hili kubwa liligunduliwa na mwanamke mfanyakazi aliyetazama kazi yake vizuri. Lakini kumwanika mtoto juani nyumbani kusichukue mahali pa hospitali, maana jua la mlangoni halipimwi na siku zinapotea. Na nguo za mtoto zisiwekwe pamoja na vidonge vya kufukuza nondo. Wako watoto wenye damu ambayo huvunjika kwa harufu ya dawa ile, hasa katika jamaa za nchi za malaria.

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 naye yuko hatarini zaidi. Duniani kama mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa hivyo. Tangu 1978, huko Bogotá, Colombia, madaktari waliokosa mashine za kutosha waliwafunga watoto hawa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na watoto wakaishi. Baba pia ana kifua chenye joto. Asione haya kumfunga mtoto wake hapo.

YASIYO NA WA KULAUMIWA

Tukisema hayo yote, tusije tukamtwika mama mzigo mpya, kwamba mtoto akiwa na ulemavu basi mama hakumeza vidonge. La. Wako watoto ambao hakuna aliyekosa. Mwaka 1959 Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walionyesha kwamba watoto tunaowaita wa Down wana kromosomu moja zaidi, yaani uzi mmoja zaidi katika zile nyuzi za uzazi. Hutokea kwa kila kabila. Kwa mama wa miaka 20 ni kama mtoto 1 kati ya 1,500, na kwa mama wa miaka 40 kama 1 kati ya 100. Hakuna dawa ya kulizuia. Na wako watoto wengi ambao madaktari hupima kila kitu wasione sababu. Mama aliyefanya yote sawasawa aweza kuzaa mtoto mwenye ulemavu, na mama aliyekosa yote aweza kuzaa mtoto mzima. Tunachoweza kufanya ni kupunguza hatari, kama vile kokoto mpya hupunguza ajali lakini haziziondoi zote.

CHAMA KIFANYE NINI

Twajua wako watakaosema chama si hospitali. Twawajibu hivi. Mtu wetu akifa, karatasi ya mchango huzunguka karakana siku ile ile, na hakuna anayesema chama si kaburi. Jeneza hulipwa, gari la maiti hulipwa, na wenzetu husafiri hata Butere kwenda kuzika. Ni desturi njema, isiachwe. Lakini kama hazina ya msaada yaweza kulipa gari la kumpeleka mtu makaburini, kwa nini isilipe gari la kumpeleka mama hospitalini? Gari hilo ni la bei ndogo zaidi, na abiria wake wawili wangali hai.

Wengine watasema bima iko. Ni kweli, tangu Oktoba 2024 SHA imechukua mahali pa NHIF, na sisi wenye kazi ya kudumu twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Lakini bima hailipi bodaboda ya saa nane ya usiku. Na vibarua, ambao hufanya kazi ile ile katika jua lile lile, hutakiwa kujiandikisha wenyewe na kulipa ya mwaka mzima. Wako waliofika mlangoni na mke mwenye uchungu wakaambiwa jina halionekani.

Kwa hiyo twaleta haya mbele ya mkutano wa tawi, yajadiliwe na kupigiwa kura:

Kwanza, hazina ya msaada itoe fedha za gari kwa mama mwenye uchungu au mtoto mchanga mgonjwa, saa ile ile, kwa simu, bila kungoja kikao. Kila stesheni iwe na mtu mmoja anayejulikana na mwenye gari mmoja aliyekubaliana nasi mapema.

Pili, sheria ya kazi ya 2007 imetupa miezi mitatu ya mama na wiki mbili za baba kwa mshahara kamili. Zichukuliwe, wala baba asichekwe wala kutishwa. Mkataba mpya uongeze siku za kliniki bila kukatwa mshahara, na kazi nyepesi isiyo ya usiku kwa mama mjamzito. Tangu 2017 wako wanawake wanaoendesha magari ya moshi katika nchi hii. Mkataba usiandikwe kana kwamba reli ni ya wanaume tu.

Tatu, wanaogusa betri na rangi za zamani wapewe mahali pa kuoga, ovaroli zifuliwe kazini, na damu zao zipimwe risasi. Mwanamke mjamzito asipelekwe huko kabisa.

Nne, vibarua waandikishwe katika SHA kwa msaada wa tawi, mmoja mmoja, kabla ya mwisho wa mwaka.

Tano, wauguzi na wakunga wakidai wenzao zaidi wodini, tusiwalaani. Mwaka 2017 waligoma miezi mitano, na mama zetu waliumia sana, ni kweli. Lakini muuguzi mmoja mwenye mama sita usiku hawezi kuwa na mikono kumi na miwili. Dai lao ni dai letu, na tulipeleke kwa kaunti pamoja nao.

Sita, watoto waliokwisha kuzaliwa. Mtoto asiyeshika kichwa kwa miezi minne, asiyekaa kwa miezi tisa, asiyetembea kwa miezi 18, apelekwe akapimwe. Mazoezi yaliyoanza mapema husaidia sana kuliko yaliyochelewa. Viko vituo vya elimu vya kuwapima watoto na kuwaonyesha shule, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984. Mwanachama mwenye mtoto wa namna hii apewe ruhusa ya kumpeleka, na zamu yake ibadilishwe bila maneno mengi.

Na liko la saba, ambalo halihitaji kura wala fedha. Mwenzetu akimfukuza mke kwa sababu ya mtoto, sisi tulio naye zamu moja tumwambie usoni kwamba amekosa. Akisema ni laana, tumwulize: mimba ilianza kliniki mwezi wa ngapi? Uchungu ulikaa saa ngapi? Gari lilipatikana saa ngapi? Macho ya mtoto yalikuwa rangi gani siku ya tatu? Na ovaroli yako ilifuliwa wapi? Akishajibu hayo, tuone kama bado atakuwa na haja ya kumtafuta mchawi.

Mkutano wa tawi usipite bila jambo hili kuwa katika orodha. Katibu ameombwa, na sisi tutakuwako.